Desimali Ziko Kwenye Mizani ya Bucha

Shilingi ya Tanzania haina desimali mkononi. Senti zilishapotea sokoni, kwa hiyo mtoto anayetumwa dukani kila jioni anaweza kumaliza mwaka bila kukutana na nukta hata moja kwenye pesa. Nukta iko kwenye uzito, na ndiko pa kumfundishia.

Anza na maneno aliyonayo tayari: robo kilo ni 0.25, nusu 0.5, robo tatu 0.75. Kabla ya hesabu yoyote muulize kipi kizito, 0.5 au 0.25. Usishangae akichagua 0.25, ameona 25 inaizidi 5. Mara nyingi kinachompoteza ni matamshi, "sifuri nukta ishirini na tano". Mzoeshe kusema "sifuri nukta mbili tano", kisha ageuze zote kuwa gramu: 500 na 250. Ubishi unaishia hapo. Mtego mwingine ni gramu 50, ambayo wengi huiandika 0.50. Hiyo ni nusu kilo. Gramu 50 ni 0.05.

Bucha yenye mizani ya kidijitali ni darasa zuri, ila msiende jioni watu wamejaa. Tuseme kilo ni 12,000 na kioo kinasoma 0.650. Asikimbilie kalamu. Sehemu ya kumi ya kilo, yaani 0.1, ni 1,200. Mara sita, 7,200. Imebaki 0.05, nusu ya 1,200, ambayo ni 600. Jumla 7,800. Mizani ikisoma 0.685 bei inakuwa 8,220, na hapo mfundishe kukadiria, maana hiyo 20 hakuna mwenye chenji yake.

Akishazoea, mpe bajeti ya 10,000 na bei za kilo: sukari 3,000, maharage 3,200, mchele 2,800. Anunue sukari 0.5, maharage 0.75, mchele 1.5. Ni 1,500, 2,400 na 4,200. Jumla 8,100, chenji 1,900. Sasa mgeuzie swali: hiyo chenji inaongeza maharage kiasi gani? Nusu kilo, na 300 inabaki.

Ajumlishe pia uzito wa mfuko. Kosa la kawaida ni kupanga tarakimu kutoka kulia badala ya kupanga nukta chini ya nukta: 1.5 na 0.25 zinampa 0.40. Usimsahihishe haraka. Muulize tu imekuwaje kilo moja na nusu, ikiongezwa robo, ikapungua.

Kutoa ni kugumu zaidi, na kwa hilo mita ya Luku, ile ya umeme wa kulipia kabla, inafaa kuliko duka. Asome uniti zilizobaki jioni mbili mfululizo, kabla hamjaongeza umeme. Kama jana zilikuwa 41.6 na leo 38.95, aandike kwanza 41.60, ndipo atoe. Zimetumika 2.65.