Kuwasha jua hapa duniani: maswali yenu

Wiki iliyopita niliandika juu ya muungano wa nyuklia, kazi ileile inayolipa jua joto lake: viini vya atomu za haidrojeni kuungana vikawa heli. Haya ni baadhi ya maswali mliyoleta.

Si ndiyo ileile ya Chernobyl? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Chernobyl, kituo cha nyuklia kilicholipuka mwaka 1986, walikuwa wanapasua viini vya urani, na mpasuko usipodhibitiwa hujiendeleza. Muungano unataka joto la nyuzi milioni 150. Hali ikiharibika kidogo tu, unazimika wenyewe. Ila msidanganywe kwamba hauna taka kabisa. Nyutroni, chembe ndogo zinazotoka viini vikiungana, huacha mionzi kwenye kuta za mtambo.

Ndugu mwandishi, Marekani walitangaza ushindi mwaka 2022. Mbona umeme wenyewe hatuuoni?

Ushindi ulikuwa wa kweli, na siku ile nilifurahi mno. Tarehe 5 Desemba, katika maabara ya Lawrence Livermore, California, miale 192 ya leza ilielekezwa kwenye kidonge cha haidrojeni, ndiyo mafuta yake, kidogo kama punje ya pilipili manga. Iliingia nishati ya megajuli 2.05, ikatoka 3.15. Lakini hesabu hiyo inaanzia pale miale ilipofika. Kuiwasha tu kulivuta megajuli kama 300 kutoka gridi. Tena kituo cha umeme kingehitaji kulipua vidonge kadhaa kila sekunde, mchana na usiku.

Mafuta yake yanapatikana wapi?

Nusu yake ipo baharini. Chota ndoo ya lita 20 pale Forodhani: ndani mna zaidi ya nusu gramu ya deuteri, haidrojeni nzito. Msiidharau. Mtambo wa JET, Uingereza, mwaka 2023 ulitumia miligramu 0.2 za mafuta ukatoa megajuli 69, sawa na kuchoma kilo 2 hivi za makaa ya mawe.

Nusu ya pili, triti, haidrojeni nzito zaidi, ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko hata lile joto. Katika maumbile ni haba mno, na ukiihifadhi, kila baada ya miaka 12 hivi inabaki nusu. Itabidi mtambo uizalishe wenyewe kutoka kwenye metali iitwayo lithi, na hakuna aliyekwisha kufanya hivyo kwa kiwango cha kituo cha umeme.

Basi tusubiri, tuachane na sola?

Hata kidogo. Fungeni sola.

Binti yangu yuko kidato cha pili, anataka kuifanya kazi hii. Atachelewa?

Hatachelewa, mama. ITER, mtambo mkubwa unaojengwa kusini mwa Ufaransa, umepanga kuanza kuunganisha deuteri na triti mwaka 2039, na hata huo ni wa utafiti, hautauza umeme. Mwambie fizikia aishike sana, na kemia ya metali asiiache. Bado wanatafuta chuma kitakachopigwa na nyutroni miaka na miaka bila kuwa dhaifu.