Rampu ya mita mbili haiifanyi shule kuwa jumuishi

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Mbagala. Tunaongeza madarasa mawili kwa michango ya wazazi. Tunaye mwanafunzi anayetumia kiti mwendo, wawili wenye ualbino na mmoja asiyesikia vizuri. Sakafu itakuwa juu ya ardhi kwa sentimita 60, na fundi ametuchorea rampu ya mita 2 mlangoni. Anasema ikishakuwepo hiyo, shule itahesabika kuwa jumuishi. Amependekeza pia watoto hao wote wawekwe kwenye darasa la mwisho, wasisukumwe na wenzao. Je, yuko sahihi?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Hayuko sahihi kwa rampu wala kwa darasa la mwisho.

Hesabu kwanza. Kanuni inayokubalika sehemu nyingi duniani ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka angalau sentimita 12 za kwenda mbele. Sentimita 60 zinataka mita 7.2. Kwa shule ya msingi mimi huchora 15 kwa kila 1, yaani mita 9, maana mikono ya mtoto wa darasa la pili haina nguvu za mtu mzima. Rampu ya fundi wenu inapanda sentimita 30 katika kila mita. Mtoto hawezi kuipanda mwenyewe, na akishuka bila kushikwa anaweza kupinduka. Juu na chini ya rampu muache eneo tambarare la mita 1.5 kwa mita 1.5 ageuzie kiti, na zege lipigwe ufagio kabla halijakauka ili lisiteleze wakati wa masika.

Mkiona mita 9 ni ndefu mno, msiifupishe. Zungukeni kiwanja mtafute upande ambao ardhi imeinuka, rampu ianzie huko na iingie kwenye veranda kwa ubavuni. Veranda moja itahudumia madarasa yote mawili na huenda mkahitaji nusu ya urefu huo.

Sasa niseme linaloniudhi, kwa sababu barua kama yako nazipata kila mara na ndani yake kuna fundi yuleyule: rampu imekwisha, kazi imekwisha. Rampu inatoka wapi na inaishia wapi? Sehemu kubwa ya Mbagala ni mchanga. Nimeona rampu nzuri tu, yenye vyuma vya kushikia pande zote, inayomshusha mtoto kwenye mchanga unaomeza magurudumu ya mbele ndani ya hatua mbili. Mwingine anavuka salama, anakuta mtaro wa maji ya mvua uko wazi mbele ya veranda. Akiupita huo, fremu ya mlango ni ya sentimita 80, na mlango ukishapachikwa humo nafasi ya kupita haitoshi kiti na mikono inayokisukuma. Agizeni fremu ya mita 1, kizingiti kisizidi sentimita 1. Kutoka getini hadi darasani, na kutoka darasani hadi chooni na bombani, mwageni njia ya zege au tandazeni peva (matofali ya kutandaza chini). Bila njia hiyo, fedha ya rampu imepotea.

Kuhusu darasa la mwisho: fundi amewachanganya watoto wenye mahitaji tofauti kabisa, kisha akawatenga wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Msimamo wa vyote viwili ni elimu jumuishi, yaani watoto wote kusoma pamoja. Hapahapa Dar es Salaam, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko imekuwa ikisomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona kwa miaka mingi. Mtoto wa kiti mwendo akisukumwa na wenzake, panueni veranda ifike mita 2. Yeye abaki na darasa lake.

Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na mwanga mkali unawaumiza. Elekezeni kuta ndefu zenye madirisha kaskazini na kusini: jua la asubuhi na la jioni halitaingia moja kwa moja, na upepo wa kusi utapita. Ubao upakwe rangi isiyong'aa, na ukuta wenye ubao usiwe na dirisha. Kingo za ngazi zipakwe rangi inayoonekana wazi. Madirisha ya upande wa veranda yasifunguke kwa nje, kwa sababu pembe ya dirisha hukaa usawa wa uso wa mtoto asiyeiona.

Yule asiyesikia vizuri ndiye anayesahaulika kabisa, kwa kuwa shida yake haionekani kwenye picha ya uzinduzi. Madarasa mengi yetu yana bati bila dari, na ukuta wa kati unaishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Mvua ikinyesha hakuna anayesikia, na hata siku ya jua sauti za darasa jirani zinapita juu ya ukuta. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele za darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa kipindi. Pandisheni ukuta wa kati hadi kwenye bati, wekeni dari, na mwalimu asimame penye mwanga ili mtoto aone midomo yake. Mkilazimika kupunguza kitu kwenye bajeti, punguzeni vigae. Dari iacheni.

Vyoo sitavichambua, ila visijengwe nyuma ya majengo mahali pasipoonekana, maana huko ndiko wadogo wanakoonewa. Mwongozo wa kitaifa unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. La kiti mwendo liwe katika jengo hilohilo, na vya wasichana viwe na komeo la ndani na maji humohumo.

Mwisho, jihadharini na wauza ramani. Siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp inauzwa "ramani ya shule jumuishi", moja kwa viwanja vyote, na wengine wanauza vigae vya njano vyenye vinundu vya kumwongoza asiyeona, wanavipanga kama mapambo hadi vinamfikisha kwenye mlingoti wa bendera. Anayeuza mchoro bila kukanyaga kiwanja, bila kuuliza mnao watoto gani, hajui kazi hii. Mwombeni namba yake ya usajili, muiulizie kwenye Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Na kabla zege la rampu halijamwagwa, fundi avute kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, mpime wenyewe kwa futi kamba. Isipofika urefu tuliokubaliana, asimwage.