Maswali yenu: tukate nyasi lini ili nyuki wapate kula?

Kwa nini tunahimizwa tusikate nyasi mapema majira ya kuchipua? Wiki chache zina tofauti gani?

Kwa sababu huo ndio wakati wao wa njaa. Wachukue wale nyuki wanene wenye manyoya, jamii ya Bombus. Baridi kali ikija, kundi lote hufa. Wanaosalia ni malkia vijana waliokwisha kupandwa, kila mmoja amelala ardhini peke yake. Akiamka hana kibarua hata mmoja: atafute mbochi (maji matamu ya maua) na chavua mwenyewe, atafute pa kuweka kiota, atage, kisha ayalalie mayai ayape joto. Asipopata maua siku hizo, kundi zima la mwaka huo halizaliwi. Na dandelioni, ambayo wengi wetu huiita gugu, ni miongoni mwa maua yanayochanua mapema. Chavua yake peke yake ni lishe duni kwa nyuki, lakini ikichanganyika na ya maua mengine inasaidia.

Kampeni ya kutokata nyasi Mei nzima ilianzia wapi? Nasikia utafiti wake ulifutwa.

Ilianzishwa na Plantlife, shirika la kuhifadhi mimea ya porini la Uingereza, mwaka 2019. Mji wa Appleton, jimbo la Wisconsin huko Marekani, uliifuata mwaka 2020. Utafiti uliofanyika Appleton ulidai nyuki waliongezeka sana, na ni kweli makala hiyo ilifutwa mwaka 2022 baada ya kasoro kuonekana katika data zake.

Lakini hoja haikuanguka nayo. Huko Springfield, Massachusetts, Marekani pia, mtafiti wa ikolojia Susannah Lerman na wenzake walilinganisha bustani zilizokatwa kila wiki, kila wiki mbili na kila wiki tatu. Za wiki tatu zilikuwa na maua mengi zaidi, hadi mara 2.5, ila nyuki walionekana kwa wingi zaidi kwenye zile za wiki mbili. Huenda nyasi ndefu ziliyaficha maua mafupi. Ndiyo maana mimi nasisitiza kupunguza kukata msimu mzima. Kumpumzisha nyuki mwezi mmoja, kisha kumnyang'anya kila kitu Juni, ni kumwonea.

Jirani anasema nitafuga kupe.

Watafiti hao waliwatafuta kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme (maambukizi ya bakteria) katika bustani hizo na hawakupata hata mmoja. Ukikaa karibu na msitu wenye kupe, kata fupi njia mnazopita na mahali watoto wanapochezea.

Nyasi zangu zimefika magotini. Nianzeje?

Pandisha kisu cha mashine. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo mmoja. Ngoja siku kadhaa, urudie. Anzia katikati ukielekea pembeni, vyura na wadudu wapate pa kukimbilia, na uache vipande ambavyo hujavigusa. Majani yaliyokatwa yazoe: yakioza palepale hurutubisha udongo, na udongo wenye rutuba nyingi huzipa nyasi nguvu ya kuyasonga maua.

Kwangu hakuna ua hata moja, nyasi tupu. Nisubiri tu?

Hapana. Ukisubiri utapata nyasi ndefu basi. Kwanza acha dawa ya magugu. Pili, pandia klova nyeupe, mmea mfupi wa jamii ya kunde, katikati ya nyasi: inavumilia kukatwa, huchanua tena, na mizizi yake huongeza naitrojeni ardhini. Acha pia sehemu ndogo ya udongo mtupu penye jua, kwa kuwa takribani 70% ya aina za nyuki duniani hujenga viota ardhini. Ukiwa na nafasi kubwa, panda mwerebi (mti uitwao willow kwa Kiingereza) mbali na nyumba. Maua yake hutangulia hata dandelioni.