Kwa anayeanza kuunda viumbe wa bahari kwa mabaki ya ufuoni

Ndugu unayeanza kazi hii hapa Lamu, nakusihi usimchore kiumbe wako kabla hujatembea ufuoni. Nenda Shela, upande unaoelekea bahari kuu, maji yanapokupwa baada ya bamvua, yaani maji makuu, uokote mbao, kamba za nyavu, maboya na ndara, kisha uvitandaze uani uvitazame kwa siku kadhaa. Taruma la jahazi, yaani ubavu wake wa mbao, lililopinda tayari ni mgongo wa mnyama, na ukilikata ili lifuate mchoro wa karatasini utapoteza umbo ambalo fundi alilitafuta kwa bidii katika mti wenyewe. Matumbawe na makombe yaache yalipo, kwani kuna kaa wanaohamia ndani ya makombe hayo.

Kinachowashinda wengi ni chumvi. Kiumbe wangu wa kwanza, nguva mwenye mabawa ya samaki taa, nilimpigilia misumari ya chuma kwenye mbao ambazo sikuwa nimeziosha. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo misumari ikashika kutu, kutu ikavimba na kuzipasua mbao, na bawa moja likaanguka kabla ya mwaka kwisha. Niliumia sana moyoni. Tangu hapo huziloweka mbao katika maji matamu, nikiyabadilisha kila siku kwa wiki nzima, huzikausha kivulini zisipasuke, kisha hutoboa kwa keke na kufunga kwa kamba, jambo ambalo pia humpa kiumbe mwendo, kwa sababu bawa lililofungwa hutikisika kusi ikivuma.

Ndara huoshwa kwa sabuni na kukatwa kwa kisu kikali kilicholowa maji. Usiziunganishe kwa moto, maana moshi wake una sumu. Usizipake rangi pia. Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa lililoundwa hapa Lamu na kuzinduliwa mwaka 2018, lilivikwa takribani ndara 30,000 kwa rangi zake zilezile, na kwangu hakuna magamba mazuri kuliko hayo.

Kiumbe wa kubuni huaminika pale mwili wake unapoafikiana na maisha yake. Watazame samaki wavuvi wanapowashusha: taa ana macho juu na kinywa chini kwa kuwa hula sakafuni mwa bahari. Amua basi kiumbe wako anakula wapi kabla ya kumtobolea jicho. Mimi jicho huliweka mwisho kabisa, nikiyaiga macho ya mbao yaliyo kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, ya majahazi yetu.