Mpwa wangu alilala Mbuyuni wiki tatu

Sikuwahi kuwatazama usoni watoto wa mtaani mpaka mpwa wangu alipokuwa mmoja wao. Alitoroka kwao Kibosho akiwa na miaka 11, kisa shilingi elfu tano za mama yake zilizopotea. Baba wa kambo alimchapa asubuhi, akamwahidi kipigo kingine jioni. Jioni haikumkuta.

Hapo ndipo tulipokosea. Badala ya kwenda kwa mwenyekiti na polisi siku ileile, tuliona aibu. Dada yangu akawaambia wenzake wa jumuiya kwamba mtoto yuko kwa bibi yake Rombo. Kumbe barabarani wiki moja tu ni nyingi: mtoto ameshapata kundi, jina jipya, na anajua mama ntilie gani anagawa ukoko wa wali. Mtoto akipotea, piga kelele. Aibu itapoa.

Nilimkuta soko la Mbuyuni, hapa Moshi, kandambili za rangi mbili tofauti, kiganja amekificha ndani ya mkono wa sweta. Humo mlikuwa na chupa ya gundi ya kunusa. Nilitaka kumkamata, nikajizuia, nikaagiza mtori mabakuli mawili. Akamaliza lake na langu. Sikumuuliza kwa nini alitoroka. Nilimuuliza analala wapi na nani anamsumbua usiku. Hayo alijibu.

Tukamrudisha nyumbani. Baba yake wa kambo akamtandika "ili akome", na siku ya nne hayupo. (Watu husema watoto hawa wamezoea barabara. Waulizeni kwanza walipokewaje waliporudi.) Safari ya pili tulipita kwa afisa ustawi wa jamii, akawaita wazazi wote wawili, na mtoto akaja kukaa kwangu Pasua. Shule haikuwa tatizo kubwa. Usingizi ndio ulikuwa kazi: mwezi mzima alilala na viatu miguuni.

Kwa hiyo ukimwona mtoto mgeni stendi, usimpe mia tano ukaondoka. Hiyo ndiyo inayonunua gundi. Mnunulie chakula, kaa naye, kisha piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Ukiweza, mfikishe Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi.

Mwezi uliopita dada aliwaambia wanajumuiya ukweli. Wawili kati yao nao walikuwa na watoto "kwa bibi".