Mlango wa gereji ni wa bati, na mtoto analala juu yake

SWALI: Shikamoo Fundi. Gereji yetu imeungana na nyumba, na mlango wake ni wa bati tupu, wa vipande vinne vinavyopanda juu kwenye reli. Upana ni mita 2.4, kimo mita 2.1. Majira ya baridi yakiingia, kila asubuhi naukuta umeota barafu nyeupe upande wa ndani, na binti yangu anayelala chumba cha juu ya gereji hakanyagi sakafu bila soksi. Mume wangu ameshanunua mbao za povu za sentimita 5. Anataka kuzibandika mlangoni, kisha azifunike kwa plaiwudi ili pawe na sura nzuri. Tuendelee? – Mama wa binti mmoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Povu endeleeni nalo. Plaiwudi mwambie baba airudishe, na asione vibaya, maana kosa hilo nimeshalifanya mimi.

Mlango wa namna hiyo haubebwi na mkono wala mota. Unabebwa na springi, na springi hukazwa kulingana na uzito wa mlango ulivyofungwa siku ya kwanza. Povu la kutosha mlango wenu wote lina kilo 5 hivi. Plaiwudi ya milimita 6 ya kulifunika inakaribia kilo 18. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja povu na plaiwudi, nikapaka rangi, mlango ukapendeza kweli. Wiki chache baadaye aliuinua hadi kifuani, akainama kuokota mkoba, mlango ukashuka wenyewe. Ulimkosa mguu kwa upana wa kiganja. Nilipofika nilioneshwa mahali ukingo ulipopiga: saruji ilikuwa imemeguka. Tangu siku hiyo sibandiki kitu mlangoni kabla ya kuupima.

Kuupima ni rahisi. Mlango ukiwa umefungwa, vuta kamba ya kuutenganisha na mota, uinue kwa mikono miwili hadi kiunoni, kisha legeza taratibu bila kuiondoa mikono. Mlango ukitulia hapohapo, springi iko sawa. Ukivuta kushuka au kupanda, ita fundi wa milango airekebishe. Msiiguse wenyewe, springi ile imekazwa kwa nguvu za kuvunja mkono. Pimeni leo, na mpime tena povu likishakaa.

Ila povu lisubiri kwanza. Ingia gerejini mchana, funga mlango, zima taa, usimame kimya hadi macho yazoee giza. Utakapoona uzi wa mwanga ndipo upepo unapoingilia. Mara nyingi ni kwenye pembe mbili za chini, ambako mpira umekakamaa na kupasuka. Badilisheni mpira wa chini wote, mpigilie na mwingine kwenye fremu, pembeni na juu, uuguse mlango bila kuubana. Nimeingia gereji zenye povu la kupendeza na nafasi ya kidole chini ya mlango, na ndani baridi ni ileile ya nje.

Sasa povu. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko povu, kwa hiyo sentimita 5 hizo zitafanya kazi ya maana. Pimeni kila kipande cha mlango peke yake, msidhani vinne vinalingana. Kateni kwa kisu chenye makali mapya, na mpunguze kidogo pale kipande kinapokutana na kingine. Mlango unapopinda kwenye kona ya reli, povu lililojazwa hadi ukingoni husagika: utasikia linalia, kisha chembe nyeupe zinaanza kudondoka sakafuni. Bawaba, magurudumu na kufuli viachwe wazi. Gundi iwe ya povu hasa, kwani nyingine hulila likabaki mashimo. Jaribuni kwenye kipande kilichobaki. Halafu zibeni maungio kwa tepe ya alumini, hewa yenye unyevu isipenye nyuma ya povu ikageuka maji juu ya bati. Kwenye kingo za chuma zilizobaki wazi bado mtaona barafu kidogo. Hiyo isiwatishe.

Someni pia lebo ya povu lenyewe. Povu tupu hushika moto upesi na moshi wake ni mbaya. Liwe la aina inayoruhusiwa kuachwa wazi gerejini. Kama siyo, lirudi pamoja na plaiwudi. Mtoto analala juu, hapa sina mjadala.

Na kuhusu sakafu yake, nikwambie ukweli: mlango utasaidia, lakini dawa yake hasa iko kwenye dari ya gereji. Kama juu ya dari hiyo hamna pamba ya kuzuia baridi, fedha zitakazofuata ziende huko, na kila tundu la waya au bomba linalopanda chumbani lizibwe. Matundu hayohayo ndiyo hupandisha moshi wa gari. Mkishaziba mlango, gari lisiwashwe ndani hata dakika moja ili lipate moto. Liendesheni nje kwanza. Hewa ya kaboni monoksaidi, sumu iliyomo kwenye moshi wa gari, haina harufu. Fungeni king'ora chake chumbani kwa binti kabla hamjakata ubao wa kwanza.