Barua kwa mwanangu: sabuni ya kufulia na maji ya Dodoma

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kama ni kweli ukikwangua sabuni ya mche na kuichanganya na magadi utapata sabuni ya kufulia ya bei nafuu, maana ya unga inakuishia kabla mwezi haujafika nusu na nepi za mtoto hazisubiri mshahara. Kujitengenezea sabuni kunaokoa pesa, mwanangu, ila si kwa njia hiyo, na hasa si kwa maji ya huko.

Dodoma mnategemea sana visima vya Mzakwe, na maji yake ni magumu. Sabuni ya mche ikikutana na maji ya namna hiyo haitoi povu mpaka imalizane kwanza na madini yaliyomo. Jaribu mwenyewe: jaza chupa nusu kwa maji ya bomba, tia vipande vidogo vya sabuni ya mche, tikisa kwa nguvu. Povu likiwa haba na maji yakawa kama maziwa yaliyokatika, umepata jibu. Yale mabonge meupe ndiyo yanayobaki kwenye nyuzi za nguo. Nyeupe inageuka kijivu, taulo linaacha kunyonya maji, na nepi nayo vilevile. Maelekezo mengi ya kukwangua sabuni yametoka Marekani, wanakochanganya na boraksi, unga wa madini wa kufulia, na kufua kwa mashine, si kwa mikono kama wewe.

Kinachokufaa wewe ni sabuni ya maji ya salfoniki, ile asidi nzito ya kahawia ya kutengenezea sabuni, hii tunayotengeneza kwenye kikundi chetu. Hata SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaifundisha. Yenyewe haishindwi na maji magumu kwa kiasi hicho. Kwa ndoo ya lita 20 tafuta salfoniki kilo 1, slesi (ule ute mzito wa kuongeza povu) nusu kilo, soda ashi (unga mweupe wa kupunguza ukali wa asidi) gramu 160 hivi, na chumvi. Rangi na pafyumu achana nazo, ngozi ya mtoto haizihitaji.

Vaa glavu. Tumia ndoo ya plastiki, si sufuria. Weka maji lita 10 kwanza, kisha mimina salfoniki polepole huku unakoroga. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji. Usije ukamwaga maji juu ya asidi. Soda ashi iwe umeshaiyeyusha pembeni, uitie kidogo kidogo. Utaona inafoka bila moto, povu linapanda hadi karibu na ukingo, na ile rangi ya kahawia iliyokolea inafifia. Subiri litulie ndipo uongeze. Kisha pima kwa karatasi ya pH, ile yenye namba za kuonyesha ukali wa asidi: ikisoma kati ya 7 na 8, acha hapo hapo. Baada ya hapo weka slesi uliyoilainisha kwa maji, ongeza maji mpaka lita 20, umalizie na chumvi iliyoyeyushwa, kijiko kimoja kimoja. Chumvi ndiyo inayofanya sabuni iwe nzito, lakini ikizidi inarudi kuwa nyepesi, na hapo hakuna dawa rahisi. Iache ilale hadi asubuhi.

Watu wengi wanakisia soda kwa macho, nami sikubaliani nao kabisa. Ikipungua, asidi inabaki inakula mikono na nguo. Ikizidi, inachubua vidole na kupausha vitenge. Nunua mizani ndogo ya jikoni, iwe ya kazi hiyo tu. Salfoniki isichanganywe na jiki hata tone, hewa yake ni sumu. Wala usihifadhi sabuni hii kwenye chupa ya soda au ya juisi. Mtoto anaanza kutambaa, na yeye anachokijua ni chupa.

Kwenye hesabu, usilinganishe lita ya sabuni yako na kilo ya unga, maana sehemu kubwa ya ndoo yako ni maji. Linganisha beseni moja la nguo kwa beseni moja. Ya unga ya dukani mara nyingi ina vimeng'enya vinavyotoa madoa ya damu na ya maziwa, yetu haina. Kwa hiyo weka pakiti ndogo kwa ajili ya madoa, kazi nyingine yote ifanye sabuni ya maji. Na kabla ya kutia sabuni kwenye beseni, koroga kijiko cha soda ashi kwenye maji, uyaache kidogo yalainike. Sabuni itakayotumika itakuwa kidogo zaidi. Sufu na hariri usizifanyie hivyo. Magadi ya kupikia maharage nayo usiyatumie, yana udongo.

Vifaa nunua huko huko Dodoma, kwenye maduka ya kemikali za sabuni. Mimi siwezi kukutumia asidi kwa basi la abiria. Ongea na mama wa chumba cha pili mchangie, kila mtu abebe lita 10.

Msalimie mumeo, na mbusu mjukuu wangu.

Mama yako